Mishale ni ya Wawindaji: Njia za Mkato Kwenye Mstari wa Amri

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala simu mpya ya kuichambua. Nataka tuzungumze kuhusu vidole, na kazi ya bure tunayovipa kila siku tukiwa kwenye mstari wa amri.

Kwanza niwaeleze walio wageni. Mstari wa amri ni lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe vya kubofya. Unaandika amri, unabonyeza Enter, tarakilishi inatii. Kwenye Linux na Mac unaupata kwa kufungua programu ya terminali. Kwenye Windows unaweza kuweka WSL ukaupata vilevile. Programu inayokusikiliza ndani ya hilo dirisha huitwa sheli, na iliyoenea sana ni Bash, ambayo Brian Fox aliandikia mradi wa GNU na ikatoka mwaka 1989. Mengi nitakayosema hapa ni ya Bash. Mac za kuanzia mwaka 2019 huja na sheli ya zsh, lakini karibu yote yatafanya kazi vilevile, na palipo na tofauti kubwa nitasema.

Haya basi. Ukitafuta maelezo ya njia za mkato za kibodi utaambiwa kwamba zitakufanya ufanye kazi haraka. Ni kweli, lakini sababu hiyo peke yake haijawahi kuniridhisha. Wahenga wetu walishatuonya kwamba haraka haraka haina baraka, na kwenye seva ya mtu mwingine onyo hilo lina uzito mara mbili. Mimi natumia njia za mkato kwa sababu nyingine: zinanipa nafasi ya kusimama na kuangalia. Wepesi na haraka ni vitu viwili tofauti. Mwenye haraka anaruka hatua. Mwenye wepesi anamaliza hatua ndogo upesi, halafu anabaki na muda wa kufikiria hatua kubwa.

Nilipoanza kazi ya programu, ofisini kulikuwa na mwenzangu aliyenitangulia kwa miaka kadhaa. Kila mara alipopita nyuma yangu akaniona nimekandamiza kitufe cha mshale nikisubiri kielekezi kitambae kutoka mwisho wa mstari hadi mwanzo, alisema neno moja tu: "Kijana, mishale ni ya wawindaji." Halafu anaenda zake. Hakunieleza. Ilibidi nikae karibu naye nimtazame anavyofanya. Vidole vyake havikutoka katikati ya kibodi. Kielekezi kiliruka huku na huku kama panzi, maneno yalifutika na kurudi, na amri ndefu za wiki iliyopita zilijileta zenyewe kwenye skrini.

Ili uelewe kwa nini jambo hilo lilikuwa na maana, kumbuka intaneti ya Kenya ilivyokuwa wakati huo. Kabla ya Julai 2009, SEACOM ilipoanza kazi, hatukuwa na waya wa intaneti wa chini ya bahari uliotuunganisha na dunia. Kila kitu kilipitia setilaiti. Setilaiti hizo hukaa angani juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini. Piga hesabu: kwenda juu na kushuka ni kilomita 72,000, na mwanga husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Hiyo ni karibu robo sekunde kwa safari moja, na jibu likirudi ni robo nyingine. Nusu sekunde imekwisha hata kabla hujahesabu msongamano wa watu wa ofisi nzima kwenye laini moja.

Sasa, unapoingia kwenye seva ya mbali kwa SSH, herufi unayobonyeza haiandikwi na tarakilishi yako. Inasafiri hadi kwenye seva, na seva ndiyo inayoirudisha ili uione. Ukiandika tu moja kwa moja bila kukosea, si tatizo kubwa, herufi zitakufuata nyuma. Shida huja pale unapotaka kurekebisha kitu katikati ya mstari. Unabonyeza mshale mara 30, hujui umefika wapi. Unaongeza mara 5, kumbe umepitiliza. Unarudi mara 3, unasubiri. Kuhariri neno moja kunakuwa kama kuzungumza na mtu aliye ng'ambo ya bonde: unapiga kelele, unangoja mwangwi, halafu ndipo unajua kama alisikia.

Ctrl-A inaondoa taabu hiyo yote. Popote kielekezi kilipo, hata kama hukioni, baada ya Ctrl-A unajua kiko mwanzo wa mstari. Huhitaji kukiona.

Nakumbuka usiku mmoja tulikuwa na mteja mwenye duka la vipuri vya magari. Maagizo yake yalikuja kupitia tovuti iliyokuwa kwenye seva huko Marekani, na diski ya seva hiyo ilijaa siku ya Jumapili. Tovuti ikakataa kupokea agizo lolote. Niliingia kwenye seva saa mbili usiku, na sijakaa hata dakika tano, stima ikapotea. Modemu ya setilaiti na tarakilishi yangu vilikuwa kwenye UPS moja, na UPS hiyo ilikuwa na uwezo wa dakika 15 hivi ikiwa na afya njema. Ikaanza kulia pii, pii. Mteja naye alikuwa kwenye simu akiuliza kama Jumatatu asubuhi atafungua biashara au atafunga.

Nilichofanya ni hiki. Nilibonyeza Ctrl-R, nikaandika du. Bash ikaniletea amri niliyokuwa nimeitumia mwezi uliotangulia:

du -sk /var/log/* | sort -n

Hizo ni herufi 27 ambazo sikuziandika. Ikanionyesha kwamba saraka ya Apache ndiyo imekula diski. Nikaangalia ndani, nikaona faili moja nzee ya kumbukumbu za wageni wa tovuti iliyokuwa kubwa kupita kiasi. Nikaandika:

ls -l /var/log/apache2/access.log.1

Nikasubiri jibu. Nikasoma tarehe. Nikasoma ukubwa. Nikasoma jina tena. Ndipo nikaandika rm, nikaacha nafasi, nikabonyeza Alt pamoja na nukta. Alt na nukta huchukua neno la mwisho la amri iliyotangulia na kulibandika palipo na kielekezi. Yaani njia ile ile niliyoikagua kwa macho, herufi zote 29, ndiyo iliyoingia kwenye rm. Sikuiandika upya, kwa hiyo vidole havikupata nafasi ya kubadilisha hata herufi moja. Nikasubiri nione mstari mzima kwenye skrini, nikabonyeza Enter. Ctrl-R tena, df, diski ina nafasi, tovuti inapokea maagizo. UPS ilikuwa bado inalia.

Angalia muda ulikwenda wapi. Kuandika kulichukua sekunde chache. Muda uliobaki niliutumia kusoma jibu la ls mara tatu kabla ya kufuta. Kama ningekuwa bado nahangaika na mishale huku UPS ikilia, pale pa kusoma mara tatu ndipo ambapo mtu yeyote angeruka. Hiyo ndiyo faida ninayoizungumzia.

Tuje kwenye vitufe vyenyewe. Tab mnaijua: unaandika herufi chache za jina la faili, Tab inamalizia. Zilizobaki zina sifa ya kuwa ngumu kukumbuka kwa sababu zilitungwa na watu wa Kiingereza. Lakini nimegundua kwamba, kwa bahati, nyingi zinaongea Kiswahili. Mimi nimezikariri hivi:

Ctrl-A: Anza. Kielekezi kinaenda mwanzo wa mstari.

Ctrl-E: Enda mwisho. Kielekezi kinaenda mwisho wa mstari.

Ctrl-K: Kata. Inakata kila kitu kutoka kwenye kielekezi hadi mwisho wa mstari.

Ctrl-U: Ung'oa. Inaondoa kila kitu kutoka kwenye kielekezi kurudi hadi mwanzo. Kwenye zsh inaondoa mstari mzima. Inafaa sana unapoandika neno la siri usiloliona kwenye skrini na ukahisi kidole kimeteleza: Ctrl-U, anza upya.

Ctrl-W: Wacha neno hili. Inaondoa neno moja lililo nyuma ya kielekezi.

Ctrl-Y: Yarudishe. Maneno uliyoyaondoa kwa K, U au W hayajapotea. Y inayabandika tena.

Ctrl-L: Lima. Skrini inakuwa safi kama shamba lililolimwa, na mstari unaouandika unabaki.

Ctrl-C: Chomoka. Unaachana na amri inayoendelea, au na mstari ambao hutaki tena.

Ctrl-R: Rudi. Unatafuta amri za zamani kwa kuandika herufi chache zake.

Tisa tu. Ukizishika hizo umeshika kazi kubwa ya kila siku. Zingine zina mpangilio: Ctrl hushughulika na herufi, Alt hushughulika na neno zima. Ctrl-F inasogea mbele herufi moja, Alt-F inasogea neno moja. Ctrl-B inarudi nyuma herufi moja, Alt-B neno moja. Ctrl-D inafuta herufi iliyo chini ya kielekezi, Alt-D inafuta neno. Ukiielewa kanuni huna haja ya kukariri orodha. Kwenye terminali ambazo Alt haitii, bonyeza Esc, iachilie, halafu bonyeza herufi. Matokeo ni yale yale.

Uzuri huonekana zaidi unapoziunganisha. Mfano: umeandika nusu ya amri ndefu, halafu unakumbuka kwamba hujahakikisha uko kwenye saraka gani. Usifute. Bonyeza Ctrl-E, kisha Ctrl-U, mstari wote unaondoka. Andika pwd, soma jibu, halafu Ctrl-Y na ile nusu ya amri inarudi kama ulivyoiacha. Huu ni mfano mwingine wa njia ya mkato inayokuruhusu kuwa mwangalifu bila kulipia uangalifu huo kwa kuandika upya.

Hila nyingine ninayoipenda kwenye laini ya polepole: anza amri ya hatari kwa alama ya #. Bash huchukulia mstari unaoanza na # kuwa maelezo tu, kwa hiyo hata Enter ikiguswa mapema hakuna kitakachotokea. Ukishaiona amri yote kwenye skrini na kuridhika, Ctrl-A, Ctrl-D kuondoa hiyo #, halafu Enter.

Ctrl-R nayo ina adabu zake. Ukiandika herufi chache itakuletea amri ya karibuni inayolingana. Ukitaka ya zamani zaidi, bonyeza Ctrl-R tena, na tena. Ukiipata na unataka kuibadilisha kwanza, bonyeza Ctrl-E. Ukibadili nia kabisa, Ctrl-G. Lakini Enter inaitekeleza papo hapo, kwa hiyo soma mstari wote kwanza. Kumbukumbu ya sheli haichagui: imehifadhi amri njema pamoja na zile kali za rm. Pia ujue kwamba Bash ikiachwa ilivyo hukumbuka amri 500. Ukiweka HISTSIZE=10000 na HISTFILESIZE=10000 kwenye faili lako la .bashrc, Ctrl-R inakuwa daftari la kazi yako yote.

Na msitishwe na Ctrl-S. Watu wengi huibonyeza wakidhani wanahifadhi faili, kisha terminali inaganda kama imekufa. Haijakufa. Ctrl-S ni ishara ya zamani ya kuiambia mashine isimamishe maandishi. Bonyeza Ctrl-Q, itaendelea.

Ishara ya zamani kiasi gani? Vitufe vya Ctrl vimo kwenye mpango wa herufi wa ASCII, uliotoka mwaka 1963. Kila herufi ina namba, na Ctrl kazi yake ni kutoa 64. M kubwa ni 77, toa 64 inabaki 13, ambayo ndiyo namba ya Enter. I ni 73, toa 64 inabaki 9, ambayo ni Tab. H ni 72, inabaki 8, ambayo ni kufuta nyuma. Hii si historia ya kujifurahisha tu. Wengi wetu tunatumia laputopu za mitumba, na kitufe cha Enter huwa cha kwanza kuchoka. Kwenye terminali, Ctrl-M ni Enter. Ctrl-I ni Tab. Ctrl-H inafuta. Kitufe kikifa, kazi haifi.

Na hawa waliotuachia urithi huu walikuwa na laini mbovu kuliko zetu. Bill Joy alipoandika kihariri cha vi pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1970, alitumia modemu ya baud 300. Hiyo ni kama herufi 30 kwa sekunde, hivyo kuchora skrini nzima upya ilikuwa kazi ya kungoja. Ndiyo maana amri za vi ni herufi moja moja. Tunapozisoma leo tunaona ni za ajabu, lakini kwa mtu aliyekuwa akihesabu kila herufi inayopita kwenye waya wa simu, zilikuwa na akili kabisa. Nilipojua hivyo niliacha kuziona kama mambo ya wazee wenye ndevu. Zilitengenezwa na watu waliokuwa na shida kama yetu.

Kuna atakayeniambia: lakini siku hizi tuna nyaya za baharini kadhaa, mambo hayo yamepitwa. Ni kweli hali imekuwa nzuri zaidi. Hata kuna programu ya Mosh, iliyotoka mwaka 2012, ambayo hukuonyesha herufi unazoandika papo hapo bila kungoja seva. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kusini mwa bara letu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kuchechemea, Tanzania ikiumia zaidi. Siku hizo herufi zilirudi kunifuata nyuma kwa kuchelewa, na vidole vikakumbuka vyenyewe la kufanya.

Halafu kuna vijana ambao tarakilishi yao ya kwanza ni simu. Ukiweka Termux kwenye Android unapata Bash kamili mfukoni. Kuandika amri ndefu kwa vidole gumba viwili ni adhabu, na kukigusa kielekezi kwa kidole ili kisogee herufi tatu ni adhabu zaidi. Kwenye Termux, kitufe cha kupunguza sauti hufanya kazi kama Ctrl. Kikandamize, gusa A, umefika mwanzo wa mstari. Kikandamize, gusa R, andika herufi mbili, amri ya jana imerudi. Kwa mwanafunzi asiye na laputopu, tisa zile za juu zinaweza kuwa tofauti ya kujifunza na kukata tamaa.

Na ukijifunza mara moja unavuna mahali pengi. Sehemu ya Bash inayoshughulikia kuhariri mstari inaitwa Readline, na programu nyingine nyingi huitumia au huiga vitufe vyake. Ukiwa ndani ya Python, A, E, K na R zinafanya kazi. Ukiwa ndani ya psql ya PostgreSQL, vilevile. Hata kwenye Mac, unapoandika barua pepe ya kawaida, Ctrl-A, Ctrl-E na Ctrl-K zinatii.

Sasa, usijaribu kuzijifunza zote leo. Utazisahau kabla ya Ijumaa. Chagua moja. Iandike kwenye kikaratasi, ukibandike pembeni mwa skrini, na wiki nzima jilazimishe kuitumia hata kama mwanzoni inakuchelewesha. Vidole vikishaikubali, ng'oa kikaratasi, andika nyingine. Mimi ningeanza na Ctrl-R, kwa sababu ndiyo inayookoa herufi nyingi. Ya pili iwe Alt na nukta, kwa sababu ndiyo inayookoa mafaili. Baada ya miezi miwili au mitatu utakuwa nazo zote, na hutakumbuka ulizipata lini.

Na siku ukimwona kijana amekandamiza mshale akingoja kielekezi kitambae, usipite tu ukaenda zako kama yule mwenzangu. Vuta kiti, mwonyeshe Ctrl-A.